Mkongo Umefika Chini ya Mlima: Nani Ataupandisha?

Mtu asimamaye katikati ya mji wa Morogoro na kutazama kusini huiona milima ya Uluguru ikiinuka ghafla kutoka nchi tambarare. Juu ya kilele cha Bondwa, zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, imesimama minara ya redio na televisheni. Akizunguka mjini ataikuta reli iliyofika hapo mwaka 1907, barabara kuu igawanyikayo kwenda Dodoma na Iringa, na nguzo ndefu zinazoleta umeme kutoka Kidatu. Chini ya udongo umefukiwa mkongo wenye nyuzi za kioo zilizo nyembamba kama unywele. Ndani ya nyuzi hizo hupita nuru iliyobeba barua, picha, hesabu za benki na masomo ya vyuo vikuu.

Kwa mwalimu wa fizikia au wa kompyuta, mji huo ni kitabu kilichofunguliwa. Karibu kila njia ambayo binadamu ameibuni ya kupeleka habari mbali, kuanzia waya wa shaba hadi nuru ndani ya kioo, yaweza kuelezwa hapo kwa mifano iliyo karibu. Hata hivyo, somo la mitandao ya masafa marefu, kama lifundishwavyo kwa vijana wengi wanaotafuta vyeti vya ufundi wa mitandao, halitazami nje ya dirisha. Kijana hukariri orodha ya majina ya nyaya, viungio na viwango vya kasi, akaiandika katika mtihani, akafaulu, akapewa cheti. Akiulizwa ni kwa njia gani shule iliyoko Matombo au Mgeta, ng'ambo ya kilele, ingeweza kuunganishwa na mkongo uliopita mjini, hana la kujibu, kwa kuwa swali hilo halikuwamo kitabuni.

Kasoro hiyo ya ufundishaji ina gharama kubwa. Kazi ya kulaza njia kuu za mkongo wa taifa imekwisha kufanywa kwa sehemu kubwa. Iliyobaki ni ya vipande vya mwisho, vinavyotoka kwenye njia kuu kwenda kwenye shule, zahanati na ofisi za vijiji. Vipande hivyo ni vifupi, lakini kila kimoja kina mlima wake, mto wake na mvua yake. Havina kanuni moja iandikwayo ng'ambo ikafaa kila mahali. Vinahitaji watu wanaojua kupima na kuchagua.

Tofauti iliyosahauliwa

Vitabu vingi hueleza kwamba mtandao wa ndani ni wa eneo dogo, na mtandao wa masafa marefu ni wa eneo kubwa. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanaficha jambo lililo muhimu zaidi. Katika maabara ya shule, mwalimu anaweza kununua waya wa shaba wenye jozi nne zilizosokotwa, akautandaza mwenyewe kutoka chumba hadi chumba, mradi usizidi mita 100. Ukuta ni wa shule, dari ni ya shule, na waya ni wa shule. Pale waya unapotaka kuvuka uzio, mambo hubadilika. Mbele kuna shamba la jirani, barabara ya serikali, mto na reli. Shule haiwezi kuchimba mahali pote hapo, hivyo hulazimika kukodi njia kwa mwenye nayo. Mtandao wa masafa marefu, kwa hiyo, ni ule upitao katika milki ya wengine. Maswali yake ya kwanza ni haya: njia ni ya nani, hutoza kiasi gani, na ikikatika itatengenezwa kwa muda gani?

Afrika Mashariki imeyajua maswali hayo tangu zamani. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea Msumbiji na Afrika Kusini. Ulikuwa mali ya kampuni ya Kiingereza, na kila neno lililopita humo lililipiwa. Mwaka 1890 waya mwingine ulivushwa kutoka Zanzibar kwenda Bagamoyo na Dar es Salaam. Reli ilipojengwa kutoka pwani kuelekea bara, nyaya za mawasiliano ziliandamana nayo, kwa kuwa pori lilikuwa limekwisha kufyekwa na walinzi wa reli walikuwapo. Mwaka 1970 kituo cha setilaiti kilifunguliwa Longonot, nchini Kenya, kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki na dunia kwa njia ya anga. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi ukiwa umetua Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja ule wa EASSy. Mwaka huohuo wa 2009 serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao usimamizi wake ulikabidhiwa TTCL. Sehemu za mkongo huo zilifukiwa kando ya barabara, na nyingine zilibebwa juu ya nguzo za umeme.

Msomaji ataona kwamba katika miaka hiyo yote kanuni ni moja: habari hufuata njia iliyokwisha kufunguliwa kwa ajili ya jambo jingine. Anayeijua ramani ya reli, barabara na umeme wa mkoa wake amekwisha kuijua nusu ya ramani ya mtandao wake. Jambo hilo laweza kufundishwa kwa mwanafunzi wa Kidato cha Pili bila kompyuta hata moja.

Njia nne na hesabu zake

Nusu ya pili ni fizikia, na hesabu zake haziwashindi wanafunzi wa sekondari.

Waya wa shaba hubeba umeme, na umeme hudhoofika kadiri waya unavyorefuka. Mitetemo ya kasi hudhoofika upesi zaidi kuliko ya polepole. Ndiyo maana laini ya simu inaweza kubeba sauti ya mtu mbali, lakini ikitakiwa kubeba habari nyingi za kompyuta hutosha kwa kilomita chache tu. Ili sauti igeuzwe kuwa tarakimu, hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Hizo ni biti 64,000 kwa sekunde. Njia 32 za namna hiyo zikiunganishwa, hupatikana biti 2,048,000, ambayo ndiyo laini iitwayo E1, itumikayo Ulaya na Afrika. Marekani waliunganisha njia 24, wakaongeza biti 8,000 za kupangia, wakapata 1,544,000. Mwanafunzi akionyeshwa hesabu hii mara moja hahitaji kukariri tarakimu yoyote. Asipoonyeshwa, hukariri ile ya Marekani kwa sababu kitabu kiliandikwa huko, kisha akaajiriwa katika nchi ambamo laini zilizojengwa ni zile nyingine.

Mawimbi ya redio hayahitaji kuchimba. Hupita hewani kutoka mnara hadi mnara, lakini yale yanayobeba habari nyingi hutaka minara ionane. Umbali wa upeo wa macho, kwa kilomita, ni takriban 3.57 ukizidishwa kwa kipeuo cha pili cha kimo, kwa mita. Bondwa umeinuka yapata mita 1,600 juu ya mji wa Morogoro. Kipeuo cha pili cha 1,600 ni 40, na 40 mara 3.57 ni karibu 143. Mnara mmoja kileleni unaweza kuhudumia nchi tambarare hadi zaidi ya kilomita 100. Hesabu hiyohiyo, hata hivyo, hueleza kwa nini mlima ni rafiki wa walio mbali na adui wa walio karibu. Kijiji kilicho bondeni nyuma ya mgongo wa mlima kiko ndani ya kivuli chake. Wakazi wake wanaweza kuwa jirani sana na mnara huo na bado wasipate mawimbi yake, ilhali mtu aliye mbali tambarare anayapata vizuri.

Setilaiti huondoa kivuli hicho kwa kuwa hutazama kutoka juu. Zile zinazoonekana kusimama mahali pamoja angani ziko kimo cha kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ujumbe hupanda na kushuka, jumla kilomita 72,000 hivi, na jibu nalo hufanya safari hiyohiyo. Kwa mwendo wa nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde, swali na jibu huchukua karibu nusu sekunde. Kwa kupokea picha si neno. Kwa mazungumzo ni kero. Setilaiti mpya zinazozunguka kwenye kimo cha kilomita mia kadhaa zimepunguza sana kuchelewa huko, lakini hutakiwa kuwa nyingi mno, na mwenye nazo yuko mbali na nchi hii.

Njia ya nne ni nuru ndani ya kioo. Kiini cha uzi utumikao kwa masafa marefu kina upana wa mikromita 9 hivi, kimezungukwa na ganda la kioo la namna nyingine kidogo, na nuru ikiingia hubakia ndani ya kiini kwa kanuni ya kuakisi ambayo mwanafunzi huisoma darasani kwa kipande cha kioo na pini. Mwaka 1966, Charles Kao na George Hockham walionyesha kwamba kosa la kioo cha siku hizo lilikuwa ni uchafu wake, wakasema kikisafishwa hadi upotevu usizidi desibeli 20 kwa kilomita kitafaa kwa mawasiliano. Desibeli 20 maana yake ni kubakiwa na sehemu moja ya mia. Uzi wa leo hupoteza desibeli 0.2 tu kwa kilomita, ikimaanisha kwamba nuru iliyokuwa ikipotea katika kilomita moja sasa hupotea katika kilomita 100. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kwa mkongo wa kilomita 200 hivi, itabaki sehemu moja ya elfu kumi bila kuikuza njiani. Kwa kuwa mwendo wa nuru katika kioo ni kilomita 200,000 kwa sekunde, safari hiyo humalizika katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009, mwaka uleule SEACOM ilipoanza kazi Dar es Salaam.

Vyaelea, vimeundwa. Mwanafunzi aliyefanya hesabu hizi nne anaelewa kwa nini hakuna njia iliyo bora mahali pote. Aliyekariri majina atauliza tu ni ipi iliyo mpya.

Mistari miwili katika karatasi

Kuna somo jingine ambalo ardhi ya Morogoro hulifundisha kwa ukali. Katika michoro ya vitabu, usalama wa mtandao hupatikana kwa kuchora mstari wa pili: njia moja ikikatika, habari hupita katika nyingine. Lakini mchoro hauonyeshi mito. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya bonde la Mkondoa yalibomoa reli ya kati katika eneo la Kilosa na kuizuia kwa miezi. Kama njia ya kwanza ya mawasiliano ingefuata reli katika bonde hilo, na njia ya pili ingevuka mto uleule mahali palepale, mistari miwili ya karatasi ingekuwa mstari mmoja majini.

Jambo hili lilionekana tena baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja katika bahari ya kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Mikongo ilikuwa miwili na kampuni zilikuwa mbili, lakini bahari ilikuwa moja. Fundi anayestahili kuitwa fundi hauli kwanza hesabu ya mistari. Huuliza kila mstari unapita wapi, na kama kuna daraja, bonde au nguzo ambayo yote inaitegemea.

Somo la matuta

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta Uluguru mpango wa kuhifadhi udongo. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Wataalamu walikuwa na nia ya kuzuia mmomonyoko, na matuta ya namna hiyo yalikuwa yamefaa kwingineko. Lakini katika mashamba mengi ya Uluguru udongo wenye rutuba ni mwembamba, na kuchimba ngazi kuliufukia chini, mazao yakapungua huku kazi ikiongezeka. Mwaka 1955 wananchi walipinga waziwazi, na fujo zikatokea Matombo. Mpango ukaachwa.

Kisa hicho hakina maana kwamba utaalamu ni bure. Maana yake ni kwamba utaalamu usiopimwa kwenye udongo wa mahali huwa mzigo kwa wenye mahali hapo. Yawezekana kosa hilo likarudiwa kwa nyuzi za kioo. Miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ardhi huporomoka. Mtaro uliochimbwa kando ya njia ya mlimani, kwa mfano wa barabara kuu ya tambarare, unaweza kuondoka na kingo za barabara katika msimu mmoja. Pengine uzi ungefaa zaidi kutundikwa juu ya nguzo za umeme wa vijijini, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme wala hakisumbuliwi nao. Pengine mahali fulani redio ya kuruka bonde, yenye kituo cha kupokezana kwenye bega la mlima, ingekuwa rahisi kuliko uzi wowote. Pengine kwa zahanati moja iliyo peke yake setilaiti ndiyo nafuu. Majibu hayo hayawezi kutolewa na mtu asiyefika.

Fedha za kusaidia maeneo yasiyo na faida kwa wafanyabiashara si jambo lisilofikiriwa. Sheria ya mwaka 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao husaidia kujenga minara vijijini. Lakini fedha hununua vifaa. Haziwezi kununua busara ya kuchagua kifaa.

Yafaayo kufanywa

Wapo watakaosema kwamba vijana wanahitaji vyeti ili waajiriwe, kwamba mitihani hutungwa nje, na kwamba mwalimu hana budi kufundisha kile kitakachoulizwa. Hoja hiyo ina uzito. Kijana wa familia maskini aliyelipa ada ya mtihani hawezi kuambiwa apuuze mtihani. Lakini mitihani hiyo yenyewe hubadilika. Teknolojia iitwayo Frame Relay ilikaririwa na wanafunzi wengi kwa miaka, kisha ikaondolewa katika mtihani wa awali wa Cisco kwa kuwa ilikuwa imepitwa na wakati. Aliyekuwa amekariri tu alipoteza alichokuwa nacho. Aliyeelewa kwamba Frame Relay ilikuwa namna moja ya kugawana njia ya kukodi, alihamia kwenye namna nyingine bila shida. Kuelewa hakupunguzi alama za cheti, bali huzipa maisha marefu.

Yapo mambo manne yawezayo kufanywa na walimu pasipo kusubiri waraka. La kwanza ni kuanza somo kwa matembezi. Darasa litoke, lifuate barabara au reli kwa kilomita moja au mbili, liandike kila mnara, kila nguzo, kila alama ya mkongo na kila daraja, kisha lichore ramani. La pili ni kutoa mazoezi ya hesabu za upotevu, upeo na kuchelewa kwa kutumia umbali wa mahali pa wanafunzi wenyewe badala ya miji ya ng'ambo. La tatu ni kuhakikisha kwamba kila mwanafunzi wa chuo cha ufundi ameshika uzi wa kioo, akaukata, akauunganisha kwa joto na kupima hasara ya kiungio chake. Uzi ulio mchafu au uliokatwa vibaya hufundisha jambo ambalo kurasa mia haziwezi. La nne ni kueleza mambo haya kwa Kiswahili kilicho wazi, hata kama mtihani ni wa Kiingereza, kwa sababu mwanafunzi asiyeweza kumweleza mwenyekiti wa kijiji kwa nini mnara uwekwe pale wala si hapa, hataupata uwanja wa kuuweka.

Morogoro ina Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Chuo Kikuu cha Mzumbe, vyuo vya ufundi na shule nyingi za sekondari, zote zikiwa chini ya mlima mmoja. Si vigumu kwa chuo kimoja na shule moja ya mlimani kushirikiana, wanafunzi wa chuo wakapima njia na wanafunzi wa shule wakawaongoza. Hata kama fedha za kujenga hazitapatikana mwaka huo, vipimo vitakuwapo, na atakayekuja na fedha hataanza kwa kubahatisha.

Tangu zamani Uluguru umeipa Dar es Salaam maji, kwa kuwa mto Ruvu huanzia katika milima hiyo na maji hushuka yenyewe. Habari haipandi mlima yenyewe. Sharti ibebwe na watu wanaoujua mlima, na watu hao kwa sasa wamo madarasani, wakikariri.